Masta ya Uchumi wa Kimataifa: Idadi ya Wanafunzi Inakudanganya Wapi?

Habari zenu wapendwa, hamjambo huko nyumbani? Mimi niko Göttingen, Ujerumani. Ni saa kumi na nusu jioni na taa za barabarani zimeshawaka, ndiyo maana picha ina kiza kidogo. Mnivumilie.

Leo nataka nijibu swali linalonifuata kila siku. Wengi mmemaliza digrii ya uchumi, wengine Mlimani, wengine Dodoma, wengine Eldoret, na mnaniuliza: dada, kwenye uchumi wa kimataifa, chuo gani kinachukua watu wengi, tukaombe huko? Kuna mdogo wangu mmoja kanitumia jedwali zima. Kalipanga vizuri kabisa, vyuo vyenye maelfu juu, vyenye wachache chini. Nimelipenda, lakini kwa kuchagua pa kwenda halikufikishi popote, na nitakwambia kwa nini.

Tuanze London. LSE, chuo cha uchumi na siasa cha pale, ina wanafunzi kama 12,000, na zaidi ya nusu yao wametoka nje ya Uingereza. Wakenya mnaijua, Jomo Kenyatta alisoma pale anthropolojia, na Kibaki alitoka Makerere akaenda pale kusomea fedha za umma. Sasa nenda Tübingen, huku huku Ujerumani, wapo zaidi ya 25,000. Kwenye jedwali, Tübingen inaizidi LSE mara mbili. Lakini Tübingen kuna udaktari, kuna teolojia, kuna fizikia, kuna watu wanaosoma Kilatini! LSE karibu yote ni sayansi ya jamii. Ukilinganisha idadi ya chuo kizima, ni sawa na kuhesabu abiria wote pale stendi ya Mbezi ili ujue basi lako la Mwanza limebaki na viti vingapi.

Halafu angalia Geneva, Uswisi. Ile taasisi yao ya uzamili ya masuala ya kimataifa, ya tangu 1927, aliyosoma Kofi Annan, ina wanafunzi kama 1,000 tu. Elfu moja! Kwenye jedwali la mdogo wangu iko mkiani. Ila hakuna wa digrii ya kwanza pale, wote ni masta na PhD, wametoka nchi kama 100 hivi, na uchumi wa kimataifa ni moja ya idara zake. Shirika la Biashara Duniani liko mji huo huo. Anayetaka kusomea biashara ya kimataifa, hiyo ya mkiani ndiyo ningeitazama kwanza.

Kuna kitu kingine ambacho jedwali halionyeshi: kozi ni ya muda gani. Masta nyingi za Uingereza ni mwaka mmoja. Ujerumani na Uswisi ni miaka miwili. Tuseme kozi mbili zote zinapokea watu 50 kila mwaka. Ya Uingereza utakuta imeandika 50, ya Ujerumani imeandika 100, kwa sababu waliopo ni wa mwaka wa kwanza na wa pili. Nafasi yako wewe ni ile ile. Huku Ujerumani idadi inaongezeka tena, maana mtu akichelewesha tasnifu anabaki kwenye daftari la chuo, na wapo wanaojisajili muhula baada ya muhula kwa ajili ya tiketi ya usafiri na bima nafuu, darasani humwoni. Nawajua, ni marafiki zangu, siwataji.

Na SAIS, ile shule ya masuala ya kimataifa ya Chuo cha Johns Hopkins cha Marekani, mtu anaweza kuanza mwaka wake Bologna, Italia, akamalizia Washington. Umhesabu wapi?

Wenye PhD akilini, nyie hesabu yenu ni tofauti kabisa. Princeton, Marekani, wana kitengo kizima cha uchumi wa kimataifa ndani ya idara yao ya uchumi, lakini wanaoingia PhD ya uchumi kwa mwaka hawajai hata daladala mbili. Ni wachache kwa sababu idara ndiyo inayowalipia ada, na posho juu. Kwenye masta mara nyingi wewe ndiye unayeilipa idara. Kwa hiyo ukiona kozi ya masta inaongeza wanafunzi wa nje kila mwaka, jiulize kwanza nani anafaidika. Sisemi ni mbaya, nasema jiulize.

Hapa ndipo penye utamu kwa watu wa uchumi. Uingereza, wanafunzi kutoka Nigeria walikuwa wamejaa. Juni 2023 Nigeria ikaiachia naira ijitafutie bei sokoni, naira ikaporomoka. Ada ni ya pauni, ile ile, lakini mzazi wa Lagos anatakiwa kutafuta naira nyingi mno kuliko alizopanga. Kabla hajapumua, Januari 2024 serikali ya Uingereza ikazuia wanafunzi wa masta za kawaida kwenda na mke, mume au watoto. Idadi ya Wanigeria ikashuka vibaya, na vyuo vilivyokuwa vimezoea ada zao vikaanza kuhema. Sasa niambie, hiyo si mada ya semina kabisa? Thamani ya sarafu, sera ya uhamiaji, na huduma inayouzwa nje ya nchi, vyote ndani ya takwimu moja ya usajili. Ningekuwa mwalimu ningewapa hiyo kama mtihani.

Marekani nako msisome takwimu za zamani mkatulia. Harvard ilikuwa na wanafunzi wa nje karibu 6,800, zaidi ya robo ya chuo. Mei 2025 serikali ikataka kuipokonya kibali cha kuwapokea, mahakama ikaingilia. Juni mwaka huo huo ndugu zetu wa Burundi wakawekewa zuio la viza, ya mwanafunzi ikiwemo. Chuo kinaweza kukuhitaji sana na wewe usifike.

Hela sasa, maana najua mnaisubiri. Göttingen hatulipi ada ya masomo, hata sisi wa kutoka nje ya Ulaya. Tunalipa mchango wa muhula tu, euro mia kadhaa. Tübingen iko jimbo la Baden-Württemberg, na huko tangu 2017 sisi tusio wa Umoja wa Ulaya tunalipa euro 1,500 kila muhula. Nchi moja, majimbo mawili, bei mbili. Na kote, ili upate viza, unatakiwa kuonyesha akaunti iliyofungwa, yaani benki inakushikia hela yako, yenye euro 11,904 za mwaka, unaachiwa 992 kila mwezi. Hela ni yako, haendi nayo mtu, lakini kuipata kwa mkupuo mmoja ndipo wengi wanapokwamia.

Wasio na hiyo hela, msione aibu kubaki. Nairobi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, upo tangu 1988. Vyuo vyetu, Dar ikiwemo, vimeshirikiana nao kwenye masta ya pamoja, na wanafunzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikutana Nairobi kwa masomo ya hiari, uchumi wa kimataifa ukiwemo. Nimekutana huku na watu waliopitia njia hiyo, hesabu zao zinatisha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa jedwali, futa ile safu ya "wanafunzi wote". Weka walioomba mwaka jana, weka walioanza kweli, usichanganye na waliopewa barua, kwa sababu vyuo vingi vinatoa barua kuzidi viti vikijua wengine hawatatokea. LSE wanaandika walioomba na walioanza kwenye kurasa za kozi zao. Ambao hawaandiki, waandikie mratibu wa kozi barua pepe fupi, mistari mitatu, umuulize pia wangapi walitoka nje na wangapi walimaliza kwa wakati. Asipojibu wiki mbili, mkumbushe.

Jumamosi tunaingia kwenye akaunti iliyofungwa, hatua kwa hatua, na makato ya benki ambayo hamwambiwi. Andaeni maswali.