Skopu ya kwanza: milioni moja na nusu ianzie wapi?

ZAITUNI: Karibuni tena, wapenzi wa ndege. Leo tunajibu ujumbe wa ndugu yetu wa Kasese, huku magharibi mwa Uganda. Ana darubini ya macho mawili, ile ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, na ameitumia miaka miwili. Sasa amejikusanyia shilingi za Uganda milioni moja na nusu, anauliza anunue skopu gani. Kwa mgeni wa kipindi, skopu ni darubini ya jicho moja inayofungwa juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu.

OKELLO: Nampongeza kwa kuanza na 8x42. Kabla ya kumtajia chochote, nina swali kwake: ndege anaowatafuta wanakaa wapi? Skopu haifai kila mahali.

ZAITUNI: Kweli. Chukua kinamasi cha Mabamba, Ziwa Victoria. Unaingia kwenye mtumbwi kumtafuta korongo nyangumi, yule Waganda wanamwita bbulwe. Mtumbwi ukicheza kidogo tu, skopu inaukuza mchezo ule mara 20. Huoni kitu.

OKELLO: Na kwenye misitu ya Mabira au Bwindi ni vilevile. Ndege yuko kwenye majani hatua kumi kutoka ulipo, anarukaruka. Hujamaliza kumtafuta kwenye skopu, keshaenda. Msitu na mtumbwi ni kazi ya darubini ya macho mawili.

ZAITUNI: Lakini yeye yuko Kasese, kaka. Katwe si mbali, na pale kuna kile kiziwa cha Munyanyange.

OKELLO: Hapo ndipo skopu inapolipa! Ukisimama ukingoni, heroe wako kule katikati ya maji. Kwa 8x42 unaona mstari wa waridi. Kwa skopu unaona mdomo, na mdomo ndio unaokuambia huyu ni nani: heroe mdogo mdomo wake ni mwekundu mzito, karibu mweusi ukiwa mbali, heroe mkubwa mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi. Halafu kuna vitwitwi, ndege wadogo wa matopeni, wale wanaokuja kutoka kaskazini kuanzia Septemba hivi. Kwa macho matupu wote wanafanana.

ZAITUNI: Sawa, basi skopu anaihitaji. Sasa madukani ataonyeshwa namba. Mimi ya kwanza niliinunua kwa sababu kwenye boksi waliandika 25-75x70. Nikafikiri mara 75, nani atanishinda? Ilikuja na kistendi kifupi cha mezani. Nikaenda nayo ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, asubuhi na mapema, nikaizungusha hadi 75, na picha ikawa giza inayotetemeka. Niliumia sana, maana ile ilikuwa akiba ya miezi mingi.

OKELLO: Pole, dada. Tueleze kwa nini, ili mwingine asipoteze akiba yake. Ile 70 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ugawe kwa ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako. 70 gawa kwa 25, karibu 3. Ni nzuri. 70 gawa kwa 75, haifiki hata milimita 1. Ndiyo maana uliona giza.

ZAITUNI: Kwa hiyo hesabu hiyo afanye mwenyewe dukani.

OKELLO: Aifanye, inachukua sekunde. Skopu ya lenzi ya 65 ukiiweka mara 20 unapata milimita 3 na ushei. Ya 80 unapata 4, na hiyo inasaidia alfajiri, lakini ni nzito na ghali zaidi, na inadai tripodi nzito zaidi. Kwa bajeti yake ningekwenda kwenye 60 au 65, ukuzaji wa 15 hadi 45 hivi. Kazi kubwa utaifanya kwenye mara 20 hadi 30. Ikifika saa nne asubuhi hewa juu ya maji inaanza kucheza kwa joto, na ukikuza zaidi unakuza ule mchezo wa hewa.

ZAITUNI: Na pesa aigawe vipi?

OKELLO: Asiimalize yote kwenye skopu. Ningetenga laki nne au tano kwa ajili ya tripodi. Skopu nzuri juu ya tripodi ya kupigia picha za simu ni hasara. Atafute yenye miguu imara na kichwa kinachozunguka taratibu kwa mpini mmoja, kama za wapiga video. Za wapiga video zilizotumika zinapatikana Kampala.

ZAITUNI: Akiijaribu, asiinue ile nguzo ya katikati. Arefushe miguu kwanza. Upepo wa ziwani unaitikisa nguzo ile.

OKELLO: Kabisa. Na hapo ndipo napendelea skopu ya pembe, ile ambayo unainamisha kichwa kuangalia. Tripodi inakaa chini zaidi, inatulia. Ukiwa na watoto au kikundi, kila mtu anachungulia bila kupandishapandisha miguu. Iliyonyooka inamfaa anayeangalia kutoka dirishani mwa gari.

ZAITUNI: Mimi navaa miwani, nalo hilo nililijua nikiwa nimechelewa. Muulize muuzaji jicho linaweza kukaa mbali kiasi gani na lenzi bila picha kukatika pembeni. Chini ya milimita 15, mwenye miwani anaona kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo.

OKELLO: Jambo jingine, tuliseme kwa sauti: kuvu. Hali yetu ya hewa ina unyevu. Skopu isiyozibwa vizuri inaingiza unyevu, kuvu inaota ndani ya kioo kama utando wa buibui, na hapo kuisafisha ni gharama. Atafute iliyoandikwa kwamba haiingii maji na imejazwa gesi ya naitrojeni. Akinunua iliyotumika, amulike tochi ya simu upande mmoja, achungulie upande wa pili.

ZAITUNI: Nyumbani aiweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu. Asiiache siku nyingi kwenye mkoba uliolowa.

OKELLO: Majina ya kampuni atakutana nayo. Celestron wana skopu za bei nafuu za lenzi ya 65 na 80. Vortex wako ngazi ya juu kidogo. Swarovski ni dola elfu kadhaa, hizo tuziache kwa sasa. Muhimu ni kuijaribu barabarani: alenge kibao cha mbali chenye maandishi, akuze hadi mwisho. Kama herufi zinavimba na kuzungukwa na rangi ya zambarau, arudishe, ajaribu nyingine.

ZAITUNI: Na kama hajapata nafasi ya kuijaribu?

OKELLO: Asubiri. NatureUganda, lile shirika la uhifadhi, wana matembezi ya kuangalia ndege na hesabu za ndege wa majini. Aende, aombe kuchungulia kwenye skopu za wenzake. Watu wa ndege hawana choyo. Asubuhi moja ya kuchungulia skopu tatu tofauti itamfundisha kuliko sisi.

ZAITUNI: Mimi ndivyo nilivyoipata ya pili. Mama mmoja mtu mzima aliniachia skopu yake ya 65 pale Lutembe, mara 20 tu. Buabua, wale ndege weupe wa majini, walikuwa wamejaa kwenye kisiwa cha mafunjo, weupe watupu. Nikaona mmoja mdomo wake mnene, mweusi, na kando yake mwingine mdogo mwenye mdomo mwembamba na doa jeusi nyuma ya jicho. Aina mbili zimekaa bega kwa bega, na miaka yote nilikuwa naandika aina moja.

OKELLO: Ulimrudishia skopu yake?

ZAITUNI: Baada ya saa nzima, kaka.