Mkanda si Magazini Ndefu

Mabibi na mabwana, walionisikia siku zilizopita wanisamehe, kwa maana naanzia palepale: mkanda wa risasi, yaani risasi zilizounganishwa kama mnyororo, si magazini ndefu, ile sanduku yenye springi inayopachikwa chini ya bunduki. Kila ninapolisema hili huinuka mtu mwenye picha kwenye simu, akitaka kujua kwa nini kiunzi cha juu cha bunduki ya AR-15 kinacholishwa kwa mkanda kinauzwa Marekani ghali kuliko bunduki nzima ya kawaida. AR-15 ni bunduki ya nusu otomatiki, yaani kila kifyatulio kikivutwa hutoka risasi moja; muundo wake wote siurudii. Kumbukeni tu kwamba viunzi vyake viwili hushikwa na pini mbili, na ukizichomoa unaweza kupachika kiunzi kingine cha juu chenye mtutu na komeo lake, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kuingiza risasi.

Swali langu ni moja: nguvu ya kusogeza risasi inatoka wapi? Katika magazini, nguvu hiyo ni ya kidole gumba chako. Ulipokaa mezani ukisindilia risasi mojamoja ulikuwa unakaza springi, nayo hukurudishia kazi yako kidogokidogo, hata komeo likirudi mbele hukuta risasi inayofuata imekwisha kupanda. Mkanda hauna springi. Hulala ndani ya boksi ukisubiri komeo lirudi nyuma kwa msukumo wa gesi, lisukume wenzo ulio chini ya kifuniko, na wenzo huo uuvute mkanda hatua moja. Hiram Maxim, mbunifu wa rashasha, alilielewa jambo hili tangu miaka ya 1880: mkanda wake wa turubai ulivutwa na teke la bunduki yenyewe.

Sasa pimeni mzigo. Risasi 200 za milimita 5.56 pamoja na viungo vyake, vile vipande vya chuma vinavyoziunganisha, hufikia karibu kilo 3, na komeo alilolibuni Eugene Stoner, baba wa AR-15, halikupangiwa kuvuta chochote. Mtu atasema: ongeza gesi. Ongeza, halafu mkanda ukibakiza risasi tano mzigo umekwisha, komeo linarudi kwa kishindo na vipuri vinaumia. Atasema tena: basi shikilia mkanda kwa mkono. Vyema, lakini mkono huo ndio uliotakiwa kushika bunduki! Ndiyo maana kampuni ya Ares Defense ya Florida, ilipotengeneza kiunzi chake cha mkanda kiitwacho Shrike, iliacha ule mfumo wa AR-15 wa gesi kupulizwa moja kwa moja hadi kwenye komeo, ikatumia pistoni, na bado ikaacha tundu la magazini lifanye kazi.

Hiki nilichoshika ni kiungo kitupu cha mkanda, cha aina ya M27. Tazameni: pete mbili upande huu, moja upande ule. Pete hizo zikipishana na za kiungo cha jirani, risasi hupita katikati kama pini ya bawaba. Komeo likiisukuma risasi mbele, bawaba imechomoka, na kipande kinaanguka chenyewe. Risasi iliyokaa mbele au nyuma kidogo tu kuliko wenzake inatosha kukwamisha kila kitu.

Kuhusu joto nitasema upesi. M249, rashasha ya jeshi la Marekani, ukiachia kifyatulio, komeo hubaki nyuma na hewa hupita kuupoza mtutu. Bunduki za nusu otomatiki haziwezi kuiga hilo, kwa sababu mwaka 1982 mamlaka ya silaha ya Marekani iliamua kwamba miundo mipya ya namna hiyo ihesabiwe kuwa rashasha. Basi risasi hukaa katika chemba iliyopata moto, ambamo yaweza kulipuka yenyewe, na dawa ni mtutu unaobadilishwa haraka.

Wanaodhani mkanda peke yake huigeuza bunduki kuwa rashasha waisome sheria ya Marekani ya 1934 inayoeleza rashasha ni nini, inayouliza kifyatulio kikivutwa mara moja hutoka risasi ngapi, si risasi zimelishwaje. Namba ya utambulisho iko kwenye kiunzi cha chini, hivyo kile cha juu huuzwa kama kipuri. Sheria ya 1994 iliugusa mkanda wenyewe, ikiuweka kundi moja na magazini za zaidi ya risasi 10 ilizozipiga marufuku, hadi ilipokoma mwaka 2004. Mwenyekiti ananionyesha saa. Habari za jimbo la California, ambako kikomo hicho cha risasi 10 kingalipo, naziacha.