Mti wa ukoo: kumweka marehemu, kumlinda aliye hai, na tarehe zisizojulikana

Asalaam alaykum, karibuni. Leo tumo ndani ya Gramps, programu ya bure ya mti wa ukoo. Kuisakinisha na kuongeza majina mnajua, tusipoteze muda.

Huyu hapa ni babu mzaa babu yangu. Sina tarehe yake hata moja, na wanawe pia bado sijawawekea. Kwa hiyo programu inamhesabu yu hai! Ndivyo inavyofanya kazi: isipopata dalili kwamba mtu amefariki, inamchukulia kuwa yupo.

Dawa yake ni hii. Fungua ukurasa wake, ongeza tukio, chagua Death, halafu mahali pa tarehe paache wazi. Hifadhi. Basi. Tukio la kifo lisilo na tarehe linatosha kumfanya marehemu. Usimbunie mwaka ili tu pasionekane patupu. Mjukuu atakayeusoma mti huu miaka 40 ijayo atauamini huo mwaka.

Ukipata fununu, iandike kama fununu. Mimi wazee siwaulizi "mwaka gani?" Nawauliza: alifariki kabla ya Mapinduzi au baada? Bibi akijibu "kabla", naandika *before 1964*. Akisema alizaliwa kati ya vita vya Majimaji na vita vya Mjerumani na Mwingereza, naandika *between 1905 and 1914*. Kwa makadirio, *about 1938*. Angalia, hapa nimeandika... ngoja, imekataa. Nimeweka "kama 1938" kwa Kiswahili, na programu yangu iko kwa Kiingereza, kwa hiyo imeyahifadhi kama maandishi tu. Haiwezi kuhesabu umri kwa maandishi. Nafuta, naandika *about*. Sawa, imeelewa.

Na *between* msiichanganye na *from... to*. Ya kwanza ni siku moja usiyoijua iliyo ndani ya miaka hiyo. Ya pili ni jambo lililodumu, kama miaka aliyokaa Tanga.

Ninachokipenda zaidi ni kitufe hiki pembeni ya tarehe: kinafungua kalenda, na ya Kiislamu imo! Shangazi alizaliwa Ramadhani ya mwaka wa Mapinduzi. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na Ramadhani ikaingia siku chache baadaye. Kwa hiyo nachagua kalenda ya Kiislamu, mwezi wa tisa, 1383, siku naiacha. Sikulazimika kukisia lolote.

Samahani, nasogeza skrini, hapo pembeni limetokea jina la mtu aliye hai. Haya, tuendelee.

Sasa tulieni hapa, tafadhali. Bibi yangu alizaliwa kama 1940. Niliwahi kuandika 1904. Tarakimu mbili tu zimepishana. Kwa kawaida Gramps huweka umri wa juu kabisa wa mtu kuwa miaka 110, kwa hiyo ikamhesabu amefariki. Nikatoa faili kwa binamu zangu nikiwa nimechagua kuficha taarifa za walio hai, na za bibi zikatoka zote, hadi jina la mtaa. Bibi yupo, tunakunywa naye chai barazani, na jambo hilo lilimuumiza. Kwa hiyo kagua mwaka wa kuzaliwa wa kila aliye hai. Kagua tena. Kisha mwekee kufuli, hii alama ndogo hapa, kumbukumbu yake iwe ya faragha hata mwaka ukikosewa.

Kadi zenye tarehe 1 Januari, zile walizopewa wazee wasiojua siku yao? Andika mwaka tu, na *about* mbele. Kadi yenyewe iingize kama chanzo, na tarehe iliyoandikwa uinakili kwenye maelezo.

Unapotoa faili, weka alama sehemu zote mbili: kuficha walio hai, na kuacha kumbukumbu za faragha. Moja haitoshi, nawaomba, zote mbili. Halafu usiitume bado. Fungua mti mpya mtupu, ingiza faili hiyo humo, utafute jina la mama yako. Mimi natafuta la bibi... Halipo. Sasa naituma.