Kibao cha Juu Kikaguliwe Usiku, Kutoka Kiti cha Lori

Wahandisi wenzangu, mafundi wa karakana za vibao, na ndugu zetu madereva mliokubali mwaliko, shikamooni wakubwa, na vijana habari za jioni.

Nimekuja na lilelile, na nitalirudia mpaka liandikwe kwenye mikataba: kibao cha maelekezo kinachokaa juu ya barabara kikaguliwe usiku, kutoka kiti cha lori, taa zikiwa za dimu. Ukikipokea saa nne asubuhi, jua linawaka na mkandarasi amesimama chini ya gantri, ile fremu ya chuma inayobeba kibao juu ya barabara, na fomu ya kusaini mkononi, umepokea kitu ambacho bado hujakiona.

Karatasi ya kuakisi, ile inayobandikwa kwenye kibao ili irudishe mwanga wa taa za gari, mnaijua, naiacha. Twende kwenye mwanga. Taa za dimu zimetengenezwa ili zisimpofue anayekuja mbele, kwa hiyo mwanga mwingi unamwagwa chini, na sehemu kidogo inainuka upande wa kushoto. Magari yetu mengi yanatoka Japani, nako wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo umbo la mwanga ni lilelile tunalolihitaji. Kibao kilichosimama ukingoni kushoto kinafaidika na mwinuko huo. Cha juu hakipati kitu. Pigeni hesabu: katikati ya kibao ni mita 7 kutoka lami, taa ya gari ni sentimita 65, umbali mita 100. Kibao kipo nyuzi 3.6 juu ya usawa wa taa. Huko yanafika masalia ya mwanga tu, na taa za kisasa za projekta zinakata mwanga kwa mstari mkali kuliko zile za zamani, kwa hiyo hata masalia yanazidi kupungua.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa alama za barabarani unatenganisha viwango. Kwa kibao cha kijani kilicho juu, uakisi wa maandishi meupe usishuke chini ya kandela 250 kwa laksi kwa mita ya mraba, kipimo cha mwanga ambao karatasi inaurudisha. Kibao hichohicho kikisimama ukingoni kinaruhusiwa kushuka hadi 120. Na karatasi ya shanga za kioo, inayoakisi kwa vipunje vidogo vya kioo, haikubaliki kwa maandishi meupe ya kibao cha juu. Lazima iwe ya prizimu ndogondogo, vipembe vidogo vinavyorudisha mwanga. Huku kwetu karakana inaulizwa “karatasi ipo?”, inajibu “ipo”, mjadala umefungwa. Ni karatasi gani, hakuna anayeuliza!

Sasa lori, na hapa mnivumilie, sitapaharakisha. Mwanga unaoakisiwa na karatasi hizi unarudi ulikotoka, kama mpira unaorudi mkononi mwa aliyeutupa. Unarudi kwenye taa. Dereva anaona kwa sababu jicho lake liko karibu na taa, basi. Kwenye gari dogo jicho liko takriban sentimita 55 juu ya taa. Kwa mita 100 hiyo ni pembe ya nyuzi 0.3. Kwenye semi, lori la kuvuta tela, taa ipo sentimita 90 na jicho mita 2.4. Tofauti ni mita moja na nusu, pembe karibu nyuzi 0.9. Pembe imekuwa karibu mara tatu, na mwanga mwingi unarudi chini ya macho ya dereva.

Angalieni viwango vya ASTM D4956, kiwango cha Marekani cha karatasi za kuakisi, kwa karatasi nyeupe. Aina ya III, ile ya shanga, inatakiwa kutoa angalau 250, kwa kipimo kilekile cha kandela, pembe ya jicho na taa ikiwa nyuzi 0.2, na kwenye nyuzi 0.5 inaruhusiwa kutoa 95 tu. Kwenye nyuzi 1, alipo dereva wetu wa semi, kiwango chake hakijawekwa kabisa. Aina ya XI ya prizimu inatoa 580, kisha 420, na kwenye nyuzi 1 bado inadaiwa 120. Barabara ya Morogoro, kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2 za njia nane, imejaa malori ya Tunduma na mabasi yanayotoka stendi ya Magufuli pale Mbezi. Hao ndio wasiojua mji, ndio wanaohitaji kibao. Na hao ndio tunaowapa kibao hafifu kuliko wote.

Mtu ataniambia: “Lakini sisi tulikipima usiku, picha hizi hapa, kinawaka.” Picha imepigwa na simu yenye flashi! Flashi iko sentimita moja au mbili kutoka kwenye lenzi. Pembe ni karibu na sifuri. Kwa pembe hiyo karatasi yoyote inawaka, hata iliyochoka. Vivyo hivyo tochi iliyoshikwa pembeni ya sikio. Picha ya flashi haithibitishi chochote, na nawaomba msiikubali kwenye ripoti ya makabidhiano.

Kuna kosa lingine la karakana ambalo mchana halionekani hata kwa mwenye macho makali. Uso wa kijani umebandikwa karatasi nzuri ya kuakisi, kisha herufi nyeupe zimekatwa kwenye stika ya kawaida, ile ya matangazo. Mchana ni kibao safi. Usiku kijani kinang'aa na herufi zinageuka nyeusi. Au kinyume chake: herufi zinaakisi, kijani ni stika ya kawaida, na kibao kinaonekana cheusi, dereva hajui tena ni kibao cha aina gani. Na karatasi ya prizimu ina mwelekeo. Fundi akigeuza kipande kimoja ili kuokoa makombo, usiku utaona mistatili miwili kwenye kibao kimoja, mmoja unawaka na mwingine umefifia. Alama za mwelekeo zipo kwenye karatasi, zifuatwe.

“Si tuweke taa tu?” Swali hili haliishi. Taa zinataka umeme, nyaya, na lori la kreni la kufunga njia moja kila balbu inapokufa. Nyaya zinaibwa, umeme unakatika. Usiku taa zikizimika kinachobaki ni karatasi, na kama karatasi ni mbovu kibao kimekufa. Kwa hiyo karatasi kwanza. Taa ziwekwe pale ambapo mwanga wa gari hauwezi kukifikia kibao: baada ya kona, mara baada ya kilele cha mlima, au jirani na bango la matangazo la LED linalomeza kila kitu. Na zikiwekwa zisibanwe karibu na uso, maana herufi za chini zitaunguza macho na za juu zitabaki gizani.

Ukaguzi wenyewe haugharimu sana. Usiku mkavu, lenzi za taa zimefutwa, mwelekeo wa taa umepimwa. Chora alama begani mwa barabara kwenye mita 150, 100 na 75. Gari dogo lipite, kisha lori, kwa kilomita 80 kwa saa, taa za dimu. Abiria, siyo dereva, asome kwa sauti pale anapoweza kusoma, na asiwe anajua kilichoandikwa. Marekani imewahi kupendekeza mkaguzi awe na miaka 60 au zaidi. Mimi naliunga mkono, kwa sababu macho ya miaka 25 yanasamehe mengi.

Mbona mita hizo? Sentimita moja ya urefu wa herufi inasomeka kwa takriban mita 3.6. Herufi ya sentimita 30 inakupa mita 108. Toa mita 30 hivi za mwisho, ambapo kibao kimeshapanda mno juu ya kioo cha mbele. Zimebaki 78. Kwa kilomita 80 kwa saa ni sekunde tatu na nusu, za kusoma, kuamua na kubadili njia. Hizo ni herufi zinazoonekana vizuri. Kibao hafifu kinakula sekunde hizohizo.

Muda umenibana. Umande nautaja tu: usiku wa mbingu safi uso wa kibao unapoa kuliko hewa, matone yanakaa juu yake, mwanga unatawanyika, na saa kumi na moja alfajiri mabasi yanapotoka kibao kizuri kinaweza kuonekana kibovu. Kwa hiyo anayekagua alfajiri aandike hali ya uso kabla ya kuandika matokeo. Kusafisha masizi ya moshi, unene wa mstari wa herufi, ukingo wa karatasi unaoingiza maji, hayo tuyachukue kwenye maswali. Karibuni.