Unatafuta Wazo la Mradi wa Sayansi? Njoo na Daftari

Mambo vipi, wanasayansi wangu! Karibuni tena. Leo hatugusi mabango wala gundi, hayo ni ya wiki ya mwisho. Leo tunatafuta wazo. Maana kila maonyesho yakikaribia, iwe ya shule, ya wilaya au Young Scientists Tanzania, ujumbe ninaopokea ni ule ule: "Ticha, nigawie topiki." Sigawi! Topiki ya kugawiwa haivuki swali la pili la jaji.

Hatua ya kwanza, chapchap. Daftari mkononi, ingia jikoni, nenda gengeni, nenda shambani kwa bibi. Andika kila kinachomkera mtu. Nyanya zinaoza, maji ya kisima yana chumvi, mkaa hauishi kuisha, kunde zimeliwa. Usichague bado, andika tu.

Na usione aibu kwamba ni jambo dogo. Erasto Mpemba, mwaka 1963, alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba. Wanatengeneza aiskrimu ya maziwa, nafasi kwenye friji ni ya kugombania, akaona asisubiri maziwa yake yapoe. Akayaingiza ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake, ambayo hayakuwa ya moto. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu aliyekuja kuwatembelea. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana. Kisa maziwa!

Hatua ya pili, chagua kero moja unayoweza kuishika kwa mkono. Ukiandika "uchafuzi wa mazingira", jaji atauliza ulipima nini, na wewe utaanza kuangalia dari. Mimi leo nachukua kunde. Sogeza kamera hapa... karibu zaidi... hapo hapo. Mnaona vidoa vyeupe juu ya punje? Ni mayai ya fukusi, wameyabandika. Buu anachimba ndani, anakula humo humo, na akishakomaa anatokea kwenye tundu la duara kama hili. Safi kabisa, utadhani limetobolewa na fundi. Mimi nawapenda hawa wadudu, mama watoto hawapendi.

Hatua ya tatu. Hapa tulia. Hata kama ulikuwa unakula, weka kijiko chini. Kero lazima igeuke swali, na swali liwe na kitu kimoja unachobadilisha na kitu kimoja unachohesabu. Kimoja, na kimoja. Mfano: "Je, kiasi cha unga wa majani ya mwarobaini kinabadilisha idadi ya punje zenye tundu?" Ninachobadilisha ni kiasi cha unga: chupa hii sifuri, hii gramu 2, hii gramu 4. Ninachohesabu ni punje zenye tundu. Vingine vyote vifanane: kunde za gunia moja, uzito mmoja, idadi ile ile ya fukusi, rafu ile ile.

Ile chupa ya sifuri usiiache. Narudia, usiiache! Bila hiyo, fukusi wakifa utasemaje kwamba mwarobaini ndio uliowaua?

Na mfuniko! Mfuniko, jamani. Ukifunga chupa kwa nguvu, wadudu wanakosa hewa na wanakufa wenyewe. Ile mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa ndivyo inavyofanya kazi. Sasa wewe umefunga chupa ya mwarobaini kwa mfuniko, ya sifuri umeiacha wazi: tayari umebadilisha vitu viwili, na mradi umeharibika kabla hujahesabu hata punje moja. Kwa hiyo chupa zote, kitambaa cha chandarua na mpira wa kufungia, hivi... mpira unapita chini ya shingo ya chupa, siyo juu ya... subiri. Subiri, anatoka. Wawili! Usikate kamera, waone. Chandarua chenye matundu makubwa hakifai, tafuta kitambaa chepesi kilichosukwa kwa kubana. Huyo mmoja ameingia kwenye kibodi. Tuendelee.

Hatua ya nne, kalenda. Kwenye joto la Dar, fukusi wa kunde anatoka yai mpaka mdudu kamili kwa wiki tatu mpaka nne hivi, kwenye baridi anachelewa. Kama maonyesho ni wiki mbili zijazo, hilo swali ni zuri ila si lako mwaka huu. Chukua la nyanya. Na kila kiasi kiwe na chupa tatu, siyo moja, maana moja inaweza kukudanganya. Viasi vitatu mara tatu, chupa tisa. Zile za siagi ya karanga zinafaa, ziombe kwa majirani.

Mizani ya gramu ninayo dukani, hii ndogo ya betri. Ila kama shule yenu ina mizani maabara, tumieni hiyo, msinichangie bure.

Sasa sitisha video. Andika swali lako kwa sentensi moja, pigia mstari unachobadilisha, zungushia duara unachohesabu. Ukikuta mistari miwili, futa mmoja. Kisha liweke kwenye maoni, nitalisoma na kulikosoa. Ila jioni, kwanza nimtoe huyu kwenye kibodi.