Muziki wa Filamu: Uingie Wapi, Utoke Wapi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia kutunga muziki mpya kwa ajili ya filamu ya hisia, ile isiyo na risasi wala magari yanayokimbizana, watu tu na yaliyo moyoni mwao. Kaka Kassim, wewe umetoka kwenye kazi ya namna hiyo juzi tu.

KASSIM: Ndiyo, dada. Na nianze na jambo lililoniuma. Kuna tukio la mama anayekunja nguo za mwanawe aliyefariki. Dakika 3, hakuna neno linalotamkwa. Nikaandika vayolini zinazolia tangu anapofungua kabati hadi anapolifunga. Niliupenda sana muziki ule. Mwongozaji akanionyesha tukio mara mbili, kwanza likiwa na muziki wangu, kisha likiwa tupu. Lilipokuwa tupu nikasikia pumzi ya yule mama. Nikasikia kitambaa kikipita vidoleni. Muziki wangu ulikuwa umemziba.

ZUHURA: Ulikuwa unasema kitu ambacho uso wake ulikwisha kukisema.

KASSIM: Na mtazamaji ukishamlilia, yeye anabaki hana la kulia.

ZUHURA: Ndiyo maana nasema kazi hii haianzi kwenye kinanda. Mtunzi na mwongozaji wanakaa pamoja, wanaitazama filamu mwanzo hadi mwisho, wanaandika: hapa muziki uingie, hapa utoke, na kwa nini. Kila kipande kinapewa namba na muda wake. Ile safu ya "kwa nini" ndiyo watu wengi huiacha wazi, na hapo ndipo filamu hujaa muziki usio na kazi.

KASSIM: Siku hizi siandiki noti hata moja kabla ya kuijaza.

ZUHURA: Lakini kimya nacho tusikiabudu. Mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka tukio la mauaji ya bafuni katika filamu ya Psycho liende bila muziki. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, kama alivyofanya kwa filamu nzima. Hitchcock aliposikia, akabadili uamuzi wake.

KASSIM: Hapo nakubali, kwa sababu Herrmann alileta kitu ambacho picha haikuwa nacho. Zile nyuzi zinakata, zinachoma. Mimi nilileta machozi mahali ambapo tayari palikuwa na machozi.

ZUHURA: Tuguse muziki wa kushikiza.

KASSIM: Tuwaeleze wasikilizaji kwanza. Fundi wa nguo hushikiza kitambaa kwa uzi wa muda kabla ya kushona. Mhariri wa filamu naye huweka muziki wa watu wengine ili apate mwendo wa kukatia picha. Shida ni kwamba akiusikia miezi mitatu, mwongozaji anauzoea. Wewe ukija na wako, masikio yake yanadai ule wa zamani.

ZUHURA: Na uzi wa muda ukabaki kwenye nguo. Ndivyo ilivyomkuta mtunzi Alex North. Alitunga muziki wa filamu ya 2001: A Space Odyssey, na ilipotoka mwaka 1968 mwongozaji Stanley Kubrick alikuwa amebakiza muziki wa zamani wa watunzi wengine. Kazi ya North haikutumika.

KASSIM: Inauma hata kusimulia. Mimi huomba nakala ya filamu isiyo na muziki wowote. Nikichelewa kuomba, huuliza: umeupendea nini huu? Mwendo, ala, au ule ubaridi wake? Nikipata jibu moja, nalibeba hilo, mengine nayaacha.

ZUHURA: Sasa hesabu. Watunzi chipukizi wanaiogopa bure.

KASSIM: Filamu ya sinema kwa kawaida huenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Mwendo wa midundo 60 kwa dakika unakupa fremu 24 kwa kila mdundo. Midundo 72 inakupa fremu 20. Sasa tuseme mlango unafunguliwa sekunde ya 37, nawe unataka sauti nzito ianguke hapo hapo, mwanzoni mwa kipimo kipya, yaani fungu jipya la midundo minne. Kwa midundo 72, sekunde 37 ni midundo 44.4. Mlango unafunguka katikati ya midundo miwili, sauti inakuja mapema, kabla ya mlango.

ZUHURA: Unakata noti?

KASSIM: Hapana. Unashusha mwendo hadi takriban 71.35. Sasa zinaingia midundo 44 kamili, vipimo 11 vya midundo minne minne, na mlango unafunguka mwanzoni mwa kipimo cha 12. Hakuna sikio litakalotambua tofauti, ila mwili wa mtazamaji utashtuka kwa wakati wake.

ZUHURA: Na si kila mlango unastahili hivyo. Ukipiga kila anapogeuza shingo, unageuza huzuni kuwa katuni.

KASSIM: Wahusika wanapozungumza napo pana mtego. Sello, ile ala kubwa ya nyuzi yenye sauti nzito, inaimba mlemle inamopita sauti ya mwanaume. Ukiipa wimbo wenye noti nyingi chini ya maneno yake, mtazamaji ataacha kimoja. Mimi huiacha ishike noti moja ndefu, kisha wimbo usogee pale anaponyamaza.

ZUHURA: Ningependa watunzi waitwe mapema zaidi, badala ya kuletewa filamu iliyokwisha kukatwa. Hildur Guðnadóttir, mpiga sello kutoka Aislandi, alianza kuandika muziki wa filamu ya Joker kwa kusoma mswada, kabla kamera haijawashwa. Mwigizaji Joaquin Phoenix akacheza ile ngoma ya chooni akiusikia muziki wenyewe. Mwaka 2020 ukampatia Guðnadóttir tuzo ya Oscar. Unaona kabisa mwili na sello vinapumua pamoja.

KASSIM: Kwa yule mama mimi nilichelewa. Ila tukio lile nililirudia. Vayolini zote nikazitoa.

ZUHURA: Ukaacha kimya?

KASSIM: Dakika mbili na nusu, kimya. Anakunja, anakunja. Anapofikia shati la mwisho analipeleka puani, halafu anaamua kutolikunja. Analiweka begani. Hapo ndipo inaingia sello moja, noti nne. Ni noti zilezile mwanawe alizopiga mluzi mwanzoni mwa filamu akifunga kamba za viatu.

ZUHURA: Na kwenye safu ya "kwa nini" uliandika nini?

KASSIM: Niliandika, "Amemsikia."

ZUHURA: Tuweke wasikilizaji nao wasikie.

[Pumzi. Kitambaa. Sello moja, noti nne.]