Damu unayopewa leo na figo utakayohitaji kesho

Karibuni, sogeeni mbele huku viti vipo, tuanze maana mada ni ndefu na muda wenyewe mnauona. Leo naongelea vitu viwili ambavyo watu wengi huvitenganisha, hata wengine walioko hospitali kila siku: kuongezewa damu huku, kupandikizwa figo kule. Mi naviona ni kitu kimoja. Ukiwekewa damu umepandikizwa, ndo hivyo, maana damu ni tishu hai ya mtu mwingine imeingia mwilini mwako. Tofauti ni kwamba figo inakaa, ila chembe nyekundu zinaishi kama siku 120 alafu zinaisha. Zinaisha zenyewe lakini kinga ya mwili inabaki inakumbuka, na hiyo kumbukumbu ndo nataka tuiongelee leo.

Makundi ya damu nitapita haraka kwa sababu wengi mnayajua. Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901 alionyesha kwamba damu za watu zinatofautiana, A, B na ile tunayoita O, na toka hapo watu wakaanza kuelewa kwa nini mgonjwa mmoja anawekewa damu anapona na mwingine anawekewa anakufa palepale. Kingamwili za makundi haya, yaani protini za kinga zinazokamata kitu kigeni, unazo toka utotoni hata kama hujawahi kuongezewa damu, ndo maana ukipewa kundi lisilo lako mambo yanaharibika ndani ya dakika: homa, baridi kali, mgongo unauma, mkojo unakuwa mwekundu, figo zinaweza kufeli. Na jamani sikilizeni hili vizuri, makosa mengi ya namna hii hayatokani na kipimo kigumu cha maabara, yanatokea kitandani, mtu ametoa sampuli kwa mgonjwa huyu akaenda kuandika lebo pale mezani, akaweka jina la mgonjwa wa kitanda cha pili. Kwa hiyo nesi akikuuliza jina lako na tarehe ya kuzaliwa mara tatu usikasirike, mjibu mara zote tatu, anakulinda wewe.

Sasa tuje kwenye kiini. Ukiacha chembe nyekundu, kwenye ule mfuko kuna chembe nyeupe, na hizo zimebeba alama za HLA. Hizi ndo alama ambazo mwili unazitumia kujua huyu wangu, huyu sio wangu, na ndo hizohizo zinaamua kama figo itapokelewa au itakataliwa. Na zilijulikanaje? Kumbe zilijulikana kupitia damu! Jean Dausset, Mfaransa, alikuwa anaangalia wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi, akaona majimaji ya damu yao yanagandamanisha chembe nyeupe za watu wengine, si za watu wote, za baadhi tu, na mwaka 1958 akaeleza antijeni, yaani alama, ya kwanza ya kundi hili. Mwaka huohuo Jon van Rood kule Leiden na Rose Payne kule Stanford wakaonyesha kingamwili za aina hiyo kwa akina mama waliowahi kubeba mimba, maana mtoto tumboni nusu ya alama zake ni za baba, na mwili wa mama unazijua. Yaani elimu nzima ya kulinganisha figo ilianzia kwa watu waliowekewa damu na akina mama wajawazito, na mpaka leo hao ndo tunaohangaika nao zaidi, tukiongeza na waliowahi kupandikizwa figo ikafeli.

Niwaonyeshe kipimo chenyewe jinsi kilivyokuwa kinafanyika, maana mkikiona hiki mtaelewa vyote. Unachukua majimaji ya damu ya mgonjwa anayesubiri figo, tone dogo sana, unaliweka kwenye kisima kidogo cha sahani ya plastiki, unaongeza limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, za yule anayetaka kutoa figo, unasubiri, unaongeza komplimenti, hizi ni protini za kinga zinazotoboa chembe iliyokamatwa na kingamwili, alafu unaweka rangi. Unaangalia kwenye hadubini. Chembe iliyo hai inang'aa, ndogo, rangi haiingii. Iliyokufa imenyonya rangi, imevimba, nyeusi. Ukiona kisima kimejaa hizo nyeusi basi mgonjwa huyu ana kingamwili tayari dhidi ya figo ile, hata kabla hajafika chumba cha upasuaji. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walitoa hesabu zao: kati ya watu 30 waliopandikizwa huku kipimo hiki kikiwa kimeonyesha shida, figo 24 zilifeli palepale, na kwa 195 ambao kipimo kilikuwa safi zilifeli 8 tu. Toka hapo kipimo hiki, yaani krosimachi, kikawa cha kawaida kabla ya kupandikiza figo, na siku hizi kuna mashine na shanga ndogo zilizopakwa antijeni mojamoja zinazokwambia mpaka ni kingamwili ya aina gani na ina nguvu kiasi gani.

Lakini sayansi haikwenda moja kwa moja. Mwaka 1973 Opelz na Terasaki wakatoa matokeo yaliyoshangaza watu, kwamba waliowahi kuongezewa damu kabla ya kupandikizwa figo zao zilikuwa zinadumu zaidi. Kinyume kabisa, sio? Basi sehemu nyingi wakaanza kuwapa wagonjwa damu makusudi kabla ya upasuaji. Ilipokuja siklosporini, dawa ya kutuliza kinga isikatae figo, miaka ya 1980 ile faida ikapungua sana mpaka haionekani vizuri, ila hatari ya kutengeneza kingamwili ikabaki palepale. Kwa maoni yangu hapo ndo tulitakiwa kubadilika haraka na hatukubadilika haraka vya kutosha, kwa sababu tabia ya kuweka damu kwa kila anayeonekana amepauka ilishazoeleka.

Mgonjwa wa figo anaishiwa damu kwa sababu figo ndo inayotengeneza homoni ya kuamsha uboho. Zamani dawa yake ilikuwa mfuko wa damu, na mwingine, na mwingine. Homoni hiyo ya kutengenezwa maabara iliruhusiwa Marekani mwaka 1989 na ikapunguza sana hiyo mifuko. Na kwa wagonjwa wengine, utafiti wa Kanada wa mwaka 1999 kwa wagonjwa mahututi 838 ulionyesha kusubiri hemoglobini ishuke chini ya 7 ndo uweke damu hakukuwa na madhara zaidi kuliko kuweka ikiwa chini ya 10. Sisemi mtu anayevuja damu anyimwe, hapana, huyo wekea sasa hivi, tutaongea kingamwili baadaye akiwa hai. Nasema yule aliyetulia, ambaye kesho kutwa anaingia kwenye foleni ya figo, fikiria mara mbili.

Ikibidi kuweka, ichujwe. Filta inatoa karibu chembe nyeupe zote. Utafiti wa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa saratani ya damu waliohitaji chembe sahani, zile za kugandisha damu, ulionyesha waliopewa zisizochujwa 45 kati ya 100 walitengeneza kingamwili, waliopewa zilizochujwa ikashuka mpaka kama 17 au 18. Haijaisha, imepungua, maana chembe sahani zenyewe nazo zina HLA.

Dada hapo nyuma ameuliza si bora basi damu ya ndugu? Hapana dada yangu, na hili watu wengi hawalijui. Ndugu anaweza kuwa na alama zinazofanana na zako kiasi kwamba mwili wako hauzioni chembe zake nyeupe kama ngeni, unaziacha, zenyewe zinakuona wewe mgeni, zinakaa zinakushambulia ngozi, ini, utumbo, uboho. Ni nadra, ila ikitokea zaidi ya 90 kati ya 100 wanakufa. Ndo maana damu ya ndugu inapigwa mionzi kwanza, kiasi cha grei 25, limfosaiti zisiweze kuzaliana. Na kama huyo ndugu ndo unategemea akupe figo, damu yake iache kabisa, unaweza kujifungia mlango mwenyewe.

Swali la mwisho, kaka ameuliza mke wake amezaa nae watoto watatu na yeye anataka kumpa figo, inawezekana? Inawezekana, ila krosimachi inaweza kukataa kwa sababu mimba zile zilishaufundisha mwili wa mama alama zako. Ikikataa msikate tamaa. Kuna kubadilishana jozi, wewe unampa mgonjwa wa familia nyingine na mtu wao anampa mke wako, ilipendekezwa mwaka 1986, alafu Korea Kusini wakaifanya mwaka 1991. Kuna pia kuosha kingamwili kwa mashine na dawa, inachukua muda na hatari ya kukataliwa inabaki kubwa zaidi, kwa hiyo mi ningeanza na jozi. Na mkienda kliniki mwambie daktari mimba zote, hata iliyoharibika, na kila mfuko wa damu aliowahi kuwekewa, hata kama ni miaka 20 iliyopita.